Vijana wa Mbeya mnaoitwa kwenye event za magemu Dubai, someni hapa kwanza

Siku hizi madogo wengi wa Mwanjelwa, Uyole mpaka Iringa huko, mlioanzia kufunga spika na taa kwenye send-off, mnapata dili za event Dubai. Kazi inayowachanganya zaidi ni ile ya kampuni ya gemu inayoita waandishi kutoka nchi kibao, inawalaza hoteli ya kifahari, wanalicheza gemu kabla halijatoka halafu wanaenda kuandika. Nimezipiga sana hizo kabla sijarudi nyumbani, nawapa ninachokijua.

Kwanza mwandishi kafuata kushika pedi ya gemu, basi. Ratiba nyingi utakuta jioni boti, kesho yake jangwani na magari, chakula cha usiku cha kufa mtu, halafu gemu lenyewe limebanwa dakika arobaini katikati, sasa mtu katoka mbali, usingizi hajalala, ataandika nini zaidi ya kwamba samaki alikuwa mtamu? Pigania muda wa kucheza, angalau saa mbili mfululizo, kila mtu na skrini yake na hedifoni zake, na wale maofisa wa kampuni wasimsimamie mgongoni wakimwelekeza pa kupita, hiyo inakera kishenzi.

Halafu TV. Hapa wengi mnapita haraka. TV za hoteli ni kubwa na nzuri kwa macho, ila nyingine mlango wa HDMI umefungwa kwenye mipangilio, ukichomeka hamna kitu, na nyingi zinaichakata picha kwanza ndo zikuoneshe, yani mtu anabonyeza ngumi, ngumi inatoka imechelewa kidogo, si sana ila mchezaji mzoefu anaisikia kwenye vidole. Ukiacha hivyo mwandishi ataondoka anasema gemu zito wakati mwenye makosa ni TV. Ingia kwenye mipangilio ya picha, weka game mode, kisha kaa chini ucheze wewe mwenyewe kila skrini kabla mlango haujafunguliwa.

Gemu kubwa sasa hivi linaweza kuzidi GB 100, kwa hiyo habari ya kusema tutapakua asubuhi kwa waifai inayotumiwa na wageni wa hoteli nzima isahau. Pakua usiku, na kama gemu linategemea sava, dai laini ya waya ya peke yenu.

Umeme wa Dubai hautawasumbua, plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa kama ya kwetu na volti 230. Mzungu wa Ujerumani ndo atakuja na miguu miwili ya duara, weka adapta za kutosha kwenye meza ya mapokezi. PS5 inakubali kuanzia volti 100 hadi 240 hata ikitoka Marekani, vifaa vingine soma nyuma ya chaja kwanza. UPS, ile betri ya akiba, weka hata kama umeme haukatiki, maana anayepiga deki naye anatafuta pa kuchomeka mashine yake.

Embago, yani muda ambao kabla yake mwandishi haruhusiwi kutoa stori, iandikwe kwa tarehe, saa na GMT, usiandike "mchana", mchana wa nani? Dubai ni GMT+4, sisi +3, na mtu wa Los Angeles yupo nyuma huko bado kalala.

Pesa sasa. Huku tumezoea bahasha ya nauli, kule usithubutu. Vyombo vya habari vingi vinajilipia tiketi vyenyewe, au vinawaambia wasomaji kabisa kwamba kampuni ndiyo iliyolipa safari. Na usimwombe mtu akuoneshe stori kabla haijatoka, hata bosi wako akikutuma.

Bosi akikomaa na fataki mpe stori ya E3 ya kwanza, yale maonyesho makubwa ya magemu, Los Angeles, Mei 1995. Sega walikuwa wametangaza mashine yao ya gemu, Saturn, kwa dola 399, Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akataja "299", bei ya PlayStation yao, akashuka. Hicho ndicho watu wanakikumbuka mpaka leo, wala hakuna anayeuliza siku ile walikula nini.

Mnaouliza kama Mbeya inawezekana, inawezekana vizuri tu na kwa hela ndogo, ila mgeni alale hapa siku moja kabla, maana ukungu ukishuka Songwe ndege inaweza kugeuza na ratiba yote ikafa. Kama ni Juni au Julai mwambie mapema aje na jaketi, wengi wanadhani Tanzania nzima ni joto, na mtu mwenye vidole vilivyoganda hachezi. Jenereta iwekwe nyuma ya ukumbi mbali na madirisha, na iwashwe kwa majaribio na skrini zote zikiwa zinafanya kazi, sio taa peke yake.