Kabla ya Kuagiza Maboksi ya Sabuni

Ninatengeneza sabuni ya mwani na karafuu hapa Unguja, na wenzangu wanaoingia katika kazi hii huanza kwa kuniuliza kuhusu rangi ya boksi na muundo wa lebo, ilhali jambo la kwanza kulifikiria kwa mtu wa pwani ni unyevu.

Sabuni ya mafuta ya nazi isiyopikwa motoni huendelea kupoteza maji kwa wiki 4 hadi 6 tangu ikatwe, na gliserini iliyomo huvuta unyevu wa hewani. Ukiibana ndani ya nailoni kabla haijakomaa, maji yale hukosa pa kutokea, kipande kikabaki laini na lebo ikavimba kwenye kona. Sabuni ya kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu ni kinyume chake: hiyo ifungwe nailoni ya kubana mara tu inapopoa, la sivyo itatoka jasho.

Kwa sabuni iliyokomaa ninapendelea karatasi ya kaki iliyozungushwa katikati kama mshipi, ncha mbili zikiachwa wazi, ili hewa ipite na mnunuzi apate kunusa, maana harufu ya karafuu huuza kuliko maandishi yoyote. Mafuta ya karafuu, hata hivyo, hupenya karatasi na kuacha madoa, kwa hiyo tanguliza ndani karatasi isiyopenya mafuta. Usifunge kwa pini za stepla, kwani hushika kutu upesi na kutu hiyo huingia kwenye sabuni. Wala usitumie gundi ya unga, kwa sababu mende huila. Uzi wa katani unatosha, na unapendeza.

Vipochi vya ukili huwavutia sana watalii, lakini vikaushwe juani kikamilifu, vinginevyo huota ukungu.

Uzito unaoandikwa kwenye lebo upimwe baada ya sabuni kukomaa. Kuandika uzito wa siku ya kukata ni kumpunja mnunuzi, na jambo hilo silikubali hata kidogo. Orodhesha pia viambato vyote, kwani wapo ambao ngozi zao hazivumilii karafuu.

Kabla ya kuagiza maboksi kwa wingi, funga vipande vichache, uviache dukani masika yote, kisha uvifungue na kuvikagua kimoja kimoja.