Maswali ya Wasomaji: Digrii ya Pili kwa Krediti Ulizonazo Tayari

Shikamoo Mwalimu. Niko Tanga mjini, Chumbageni, nina digrii ya sosholojia nilomaliza 2016 ila kazi niliyopata ni kampuni ya kliaringi hapa bandarini na humo ndo nimekomaa, makaratasi ya mzigo nayajua kuliko hiyo sosholojia yenyewe. Tatizo kila nafasi nzuri ikitangazwa wanataka digrii ya ugavi au biashara. Juzi nimeona video, Mmarekani anasema kachukua digrii ya pili ndani ya miezi michache kwa hela ndogo tu maana krediti za digrii ya kwanza zilihamishwa. Je na mimi naweza nikiwa hapahapa Tanga, au ndo tunapigwa? Nina watoto wawili, kurudi darasani miaka mitatu siwezi. (Msomaji, Chumbageni)

Marahaba mwanangu. Hupigwi, hicho kitu kipo na ni halali kabisa, ila huyo wa kwenye video kakuonyesha nusu yake na nusu iliyobaki ndo inayokuhusu wewe uliyeko Tanga.

Kule Marekani digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, krediti ni kile kipimo cha ukubwa wa kozi ulizofaulu, na humo ndani kuna mafungu, kuna masomo ya jumla ambayo kila mtu anayapitia, Kiingereza, hesabu, sayansi, historia na kadhalika, halafu kuna ya fani yenyewe, halafu ya hiari. Mtu mwenye digrii tayari lile fungu la jumla na la hiari mara nyingi anakubaliwa, kwaiyo anabakiwa na fani. Vyuo vingi vya kule vinataka angalau krediti 30 hivi usome kwao ndo wakupe cheti chao, ila kuna vitatu vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu wazima wenye krediti za huku na huku, Excelsior ya New York tangu 1971, Thomas Edison State ya New Jersey 1972, na Charter Oak ya Connecticut 1973, hivi ni vyepesi zaidi kwenye kupokea vya nje. Halafu kuna mitihani inaitwa CLEP, hii ipo tangu miaka ya 60, mtu anajisomea nyumbani analipa chini kidogo ya dola 100 anakaa dakika 90 hivi kwenye kompyuta na alama zinaanzia 20 mpaka 80, akipata 50 vyuo vingi vinampa krediti kama vile kasoma semista nzima. Sasa unganisha hivyo vitu, digrii ya kwanza imebeba fungu kubwa, mitihani imebeba baadhi ya kozi za fani, chuo kimebaki na kozi chache za mwisho, ndo unasikia mtu kamaliza haraka. Muujiza hakuna, huyo mtu alikuwa kashasoma.

Sasa njoo kwako. Kitu cha kwanza kinachochanganya watu wetu ni hesabu ya krediti zenyewe. Transkripti yako ya digrii ya miaka mitatu inasema krediti 360 au zaidi, mtu anaona Marekani wanataka 120 anafikiri ana za kuchukulia digrii tatu, hapana. Krediti yetu kwa utaratibu wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, ni masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi, darasani na kujisomea vyote pamoja, sawa na Uingereza. Ya Marekani moja ni kipindi cha saa moja kwa wiki kwa wiki kama 15, na nje ya darasa masaa mawili kwa kila kipindi, ukijumlisha ni kama masaa 45. Kwaiyo hazibadilishwi moja kwa moja, lazima ulipie wakaguzi wa vyeti wa kule wakusomee kozi moja moja na wakuandikie kila moja ina thamani ya krediti ngapi za kwao, wanaojulikana zaidi ni WES (World Education Services). Hiyo kazi ni dola mia na kitu mpaka mia mbili na zaidi, na hapo bado hujalipa chuo hata senti. Ila nikupe na la kukufariji, matokeo yako ya form six usiyaache kabatini, wapo wanaoyapa krediti pia kwa sababu masomo ya A-level wanayahesabu karibu na mwaka wa kwanza wa kwao, kwaiyo uliza.

Transkripti nayo ina adabu yake. Wengi wa hao wakaguzi hawataki uitume wewe, wanataka itoke kwa msajili wa chuo chako ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na muhuri umepigwa pale juu ya mkunjo, nusu ya muhuri kwenye kifuniko nusu kwenye bahasha yenyewe. Ukiifungua hata kwa kuchungulia tu imeharibika, unaanza upya. Wengine siku hizi wanapokea ya kielektroniki moja kwa moja kutoka chuoni, sasa chuo chako kama kina huo utaratibu mshukuru Mungu. Na ukiwa pale kwa msajili omba na autlaini za kozi, zile karatasi zinazosema wiki ya kwanza mlisoma nini ya pili nini, vitabu vipi, masaa mangapi. Hizi ndo silaha yako mwanangu. Jina la kozi peke yake halisemi kitu, wewe kwenye sosholojia nina uhakika ulisoma takwimu na mbinu za utafiti, na huenda na utangulizi wa uchumi, hizo zote zinaingia kwenye digrii ya biashara ila bila autlaini anayekagua ataandika "sosholojia" tu na kuzitupa kwenye fungu la hiari ambako hazikusaidii.

Na hapa ndo pa kutulia. Hiyo digrii unaitaka umpelekee nani? Maana kama ni serikalini au shirika la umma, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kabisa kwamba waliosoma vyuo vya nje vyeti vyao viwe vimehakikiwa na TCU. TCU wanaangalia chuo kama kinatambulika huko kwao. Wewe unataka kusoma ukiwa Chumbageni huku krediti nyingi umezileta mwenyewe, kwaiyo usisubiri umalize ndo uende, waandikie KABLA hujalipa, taja chuo, taja programu, sema utasoma onlaini na sehemu kubwa ni krediti za kuhamishwa, wakujibu kwa maandishi na hilo jibu ulitunze. Na ukiona chuo kinakuambia digrii nzima unapewa kwa "uzoefu wa maisha" tuma hela tu, huyo kimbia. Vyuo halali vya Marekani unaweza kuvitafuta mwenyewe bure kwenye orodha ya CHEA, lile baraza la kule la ithibati ya vyuo, kama chuo hakimo usipoteze bando lako.

Nikuambie ninavyoona mimi kwa hali yako. Sioni sababu ya kupeleka dola Marekani. Makaratasi ya mzigo unayajua, bandari iko mlangoni na bomba la mafuta kutoka Uganda linaishia Chongoleani hapo, kazi za ugavi na usafirishaji zitatangazwa huku kwetu na atakayezisoma barua zako ni Mtanzania anayejua bodi za Kitanzania. Nafasi nyingi za ugavi wakishataja digrii wanataja na usajili wa PSPTB, ile Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Kwaiyo barua yako ya kwanza iende PSPTB, waulize kwa digrii ya sosholojia na uzoefu wa kliaringi wanakuingiza ngazi gani ya mitihani yao. Mitihani ya bodi unasoma jioni watoto wakilala, na mwisho wake unashika cheti ambacho mwajiri anakitafuta kwa jina.

Ukishajibiwa hivyo na bado moyo unataka digrii yenyewe, nenda kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria hapo Tanga. Hiki chuo kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama wewe hasa, wenye kazi na familia, unasoma kwa kasi yako na ada unalipa kadiri ya kozi unazochukua. Usiende kuuliza "mnapokea krediti?" maana utajibiwa ndiyo au hapana ukarudi nyumbani huna kitu. Andika hivi: "Nina digrii ya sosholojia, nimeambatanisha transkripti na autlaini za kozi zifuatazo. Naomba kujua kwa maandishi ni kozi zipi mtanisamehe kwenye digrii ya biashara, na zitabaki kozi zipi kwa majina yake." Kwa majina, sio kwa idadi. Hiyo orodha ya kozi zilizobaki ndo itakuonyesha ni mwaka mmoja, miwili au ni ileile mitatu unayoikimbia, na kila chuo kina ukomo wake wa kiasi cha krediti za nje inachokubali kwaiyo barua hiyohiyo ipeleke na kwingine ulinganishe.

Habari za kazi Mwalimu. Mie niliacha chuo mwaka wa pili 2019, baba alifariki ada ikashindikana, saa hizi nafanya biashara ya machungwa Muheza na namshukuru Mungu. Je ile miaka miwili imekufa? (K., Muheza)

Pole sana kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kusimama. Haijafa mdogo wangu, na naomba watu wote walioacha njiani wasome hapa maana wako wengi sana na wengi wanaona aibu hata kurudi kuuliza. Kozi uliyofaulu ni yako, hakuna anayeweza kusema hukuisoma. Nenda chuoni uombe transkripti ya pale ulipofikia, ile inayoonyesha kozi ulizomaliza na alama zake hata kama digrii haijakamilika. Shida utakayokutana nayo ni deni, kama ulibakiza ada vyuo vingi havitoi matokeo mpaka ulipe, sasa usikasirike na wala usiondoke, omba kuonana na mhasibu muelewane ulipe kidogokidogo kwa msimu wa machungwa, na kila unacholipa uchukue risiti. Uliza pia chuo chenyewe kama kinakurudisha uendelee palepale, wakati mwingine ni rahisi kuliko kuhamisha. Na usikawie zaidi, krediti zinazeeka, hasa masomo ya kompyuta na teknolojia vyuo vinaona ya zamani hayafai tena. Kama ulikuwa na mkopo wa HESLB, ile Bodi ya Mikopo, nao upo unakusubiri hata kama hukumaliza, kwaiyo nenda ukaulize salio lako wakati ndo unapanga kurudi, usije ukashtushwa mbele.

Mwalimu mambo, nina digrii ya sayansi (kemia na baiolojia) sio ya ualimu, nataka kufundisha sekondari. Nianze digrii ya pili ya elimu kwa kuhamisha krediti? (Msomaji, Pongwe)

Poa kijana. Usianze digrii nyingine, utakuwa unarudia kemia uliyokwishaifaulu. Kwa mwenye digrii ya masomo yanayofundishwa shuleni kuna diploma ya uzamili ya elimu, PGDE, kwa kawaida ni mwaka mmoja, unasoma ufundishaji, saikolojia ya elimu, upimaji, halafu unakwenda kufundisha kwa mazoezi. Chuo Kikuu Huria wanayo na vyuo vingine pia. Waulize mambo mawili tu, mazoezi ya kufundisha yanafanyika kipindi gani cha mwaka ili upange na kazi yako ya sasa, na kama unaweza kuyafanyia shule ya hapohapo Tanga usilipe nauli na pango la mji mwingine.