Msumeno wa Betri au wa Petroli: Angalia Muda Ambao Mnyororo Unakata

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nikiuza misumeno yangu yote ya petroli nikanunua ya betri, kazi ya miti itaenda?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba asiuze yote. Hata hivyo swali lake linastahili jibu refu zaidi, kwa sababu wanaolijibu mara nyingi ni wauza mashine, au watu ambao hawajawahi kuning'inia kwenye kamba huku msumeno ukiwapiga pajani.

Mimi kazi yangu ni kukwea miti kwa kamba na kuikata. Nilijifunzia kazi kwenye petroli kama wenzangu wa rika langu, na bega langu la kulia bado linaukumbuka ule uvutaji wa kamba ya kuwashia mashine iliyokataa kuwaka. Siku ya kwanza nilipofika kazini na msumeno wa betri, msimamizi aliyetuita aliuita kichezeo mbele ya vijana wote, nao wakacheka. Kicheko kile sijakisahau. Mti wenyewe ulikuwa umebanwa kati ya paa na ukuta, kila tawi lilihitaji kufungwa kamba kabla ya kukatwa na kuteremshwa taratibu, na kosa moja lingevunja vigae. Nilipofika juu nikagundua kwamba namsikia msaidizi wangu wa chini bila yeye kupaza sauti: "Ngoja, kamba haijakaza. Haya, kata." Nikabonyeza, unga wa mbao ukaruka, nikaachia kidole, pakawa kimya, na tawi likashuka likizunguka polepole hadi mikononi mwake. Kwenye mti wa pili, mwenzangu mwenye petroli alikuwa akiongea kwa ishara na kurudia kila ishara mara mbili. Msimamizi hakuniomba radhi, lakini tangu hapo kazi za karibu na nyumba hunipigia mimi kwanza.

Siri ya jambo hili ni muda ambao mnyororo unakata kweli. Juu ya mti unakata kwa sekunde chache, halafu msumeno unaning'inia wakati wewe unahamisha kamba, unatafuta pa kukanyaga na kulipima tawi linalofuata. Katika kipindi hicho injini ya petroli ama inaendelea kunguruma, ikila mafuta na kukupulizia moshi usoni, ama unaizima kisha unalazimika kuivuta upya ukiwa umesimama kwa ncha ya kiatu. Betri haitumii kitu cha maana hadi ubonyeze tena. Ndiyo maana betri moja ndogo hufanya kazi ya kupogoa kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, nami siku hizi sipandi tena na petroli ila pale ninapolazimika.

Chini ya mti mambo hugeuka. Shina nene linapolala na inabidi likatwe vipande kimoja baada ya kingine, mnyororo haupumziki, na hapo betri huisha upesi. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9, ilhali betri nyingi za misumeno hii hazifikii hata nusu ya kilowati-saa. Injini ya mipigo miwili, ile ya misumeno ya petroli, hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, ni kweli, lakini pengo hilo halizibiki kwa maneno ya tangazo. Tena tangi hujazwa kwa dakika moja, wakati betri inaingia kwenye chaja na, ikiwa imepata moto sana, chaja nyingi huisubirisha ipoe kwanza. Misumeno ya betri kama Stihl MSA 300 au Husqvarna 540i XP huangusha mti wa wastani bila tabu, nami nazisifu, ila kwa gogo pana nachukua petroli yenye injini ya sentimita za ujazo 70 au zaidi, na sioni haya. Wanaoona umeme ni mtindo wa juzi, kwa taarifa yao, msumeno wa kwanza wa mnyororo wa Andreas Stihl, mwanzilishi wa kampuni ya Stihl, wa mwaka 1926, ulikuwa wa umeme, wenye uzito wa karibu kilo 48 na wa kushikwa na watu wawili.

Vijana wa kazi hii, hapa naomba mnisikilize. Msumeno wa petroli ukiwa tayari kukata hukuonya kwa mngurumo wake, lakini wa betri hukaa kimya kabisa huku ukiwa na uwezo uleule wa kufungua paja. Toa betri kabla ya kunoa, toa betri kabla ya kukaza mnyororo, toa betri kabla ya kumkabidhi mwenzako. Suruali ya kinga, kofia na kinga ya masikio hazikustaafu pamoja na kabureta. Mtikisiko nao, ingawa kwa kawaida hupungua kwenye betri, haukuisha. Tangu mwaka 2002 sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha mtikisiko wa mikono cha mita 5 kwa sekunde ya mraba kwa siku ya saa 8, kwa sababu vidole vinavyotikiswa miaka mingi hufa ganzi na kuwa vyeupe. Nimefanya kazi na wazee ambao hawawezi kufunga vifungo vya shati asubuhi ya baridi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukubali kwamba mashine ndiyo iliyomfanya hivyo.

Kwa msomaji wangu, basi: uza ule mdogo wa petroli wa kupandia, baki na mkubwa. Usinunue msumeno wa betri kabla ya kuwa na uwezo wa kununua betri zaidi ya moja pamoja na chaja ya kasi, maana mashine bila betri ya akiba itakusimamisha katikati ya mti. Kisha angalia mnyororo unaokuja nao, kwani misumeno mingi midogo ya betri hutumia mnyororo mwembamba wa robo inchi unaonolewa kwa tupa ya milimita 3.2, na ile ya milimita 4 uliyoizoea itayaharibu meno yake.