Barua kwa Mwanangu: Zawadi kwa Kila Kitabu

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu pamoja na wote walio nyumbani kwako. Umeniuliza kama ni vyema kumlipa mjukuu wangu fedha kidogo kwa kila kitabu atakachokimaliza, ili azidi kupenda kusoma. Kwa kuwa mtoto huyo husoma tayari bila kusukumwa na mtu, ushauri wangu ni kwamba usimlipe.

Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti uliofanyika katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani. Waliwachagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe iwapo litachora. Kundi la pili lilichora kwanza, ndipo likapewa cheti kama hicho bila kukitazamia. La tatu halikupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa tena mezani, safari hii pasipo kutajwa zawadi yoyote, na wale walioahidiwa cheti wakachora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao.

Tafadhali litafakari jambo hili, kwa maana waliopewa cheti bila kukitazamia hawakupungukiwa na hamu. Kilichodhuru, basi, ni ile ahadi iliyotangulia, ambayo humfanya mtoto aione kazi aliyoipenda kuwa njia tu ya kupatia kitu kingine, na njia huachwa mara kile kitu kinapokosekana. Si watoto peke yao: miaka miwili kabla ya hapo, mwanasaikolojia Edward Deci alikwisha kuonyesha kwamba hata wanafunzi wa chuo kikuu waliolipwa kwa kila fumbo walilofumbua walipunguza kulishughulikia wakati wao wa mapumziko malipo yalipokoma.

Sisemi kwamba kila malipo huharibu. Kazi isiyopendeza haina mapenzi ya kupotezwa, kwa hiyo ukimtuza mtoto kwa kupanga chumba chake sina neno. Sifa nazo ni jambo jingine. Mwaka 1999 Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walichambua tafiti 128, wakaona kwamba zawadi za vitu zinazotarajiwa hupunguza hamu ya ndani, ilhali maneno ya kumweleza mtu amefanya vizuri wapi huweza kuikuza, mradi yasitumiwe kumwamrisha. Kwa sababu hiyo, muulize mtoto ni mhusika yupi wa kitabu aliyemvutia, na umwache achague mwenyewe kitabu kinachofuata, hata kama wewe ungechagua kingine.

Iwapo umekwisha kumwahidi fedha kwa kitabu anachokisoma sasa, mpe atakapokimaliza, kwani kuaminiwa na mtoto kuna thamani kuliko jaribio lolote la malezi. Kisha umweleze kwa upole kwamba vitabu vijavyo havitakuwa na malipo.

Akupendaye daima,
Mama