Kontena za Dar kwenda Mbeya: kagua kichwa, trela na dereva kabla ya jina la kampuni

Mkuu, umesema una kontena mbili za mashine za kukoboa mpunga zinashuka bandarini Dar na zinatakiwa zifike Mbeya. Kampuni nne zimekupa bei, na unataka kujua utaitambuaje yenye rekodi nzuri ya usalama. Nimesimamia mizigo ya watu njia hiyo kwa muda mrefu, nikiwa upande wa mwenye mzigo, kwa hiyo nakuandikia ninavyofanya mimi.

Marekani, mwenye mzigo anaingiza namba ya USDOT (namba ya usajili ya kampuni ya malori) kwenye tovuti ya FMCSA, mamlaka yao ya usalama wa malori, na anaona ajali na ukaguzi wa barabarani wa miezi 24 iliyopita. Kwetu taarifa zimetawanyika kwenye taasisi tofauti, na nyingi zinafuata namba ya gari na leseni ya dereva. Jina la kampuni halikupi mengi. Kampuni inachukua kazi yako wakati magari yake yote yako Lusaka au Lubumbashi, inamtafuta mtu mwenye semi moja, inakula cha juu na kumkabidhi mzigo. Huyo unakuwa hujawahi kumwona, na hela iliyobaki mkononi mwake haitoshi hata kubadilisha tairi.

Kwa hiyo waambie wote wanne wakupe namba ya kichwa, namba ya trela na nakala ya leseni ya dereva atakayebeba. Anayejibu kwamba utapewa siku ya kupakia, mimi huwa naachana naye hapo hapo, hata kama bei yake ndiyo ya chini kuliko wote.

Ukishapata namba, anza na bima. TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, wana mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki stika za bima. Weka namba ya kichwa, halafu weka na ya trela, maana trela ina usajili wake na bima yake. Nimeona mara nyingi kichwa kiko sawa lakini bima ya trela ilishakwisha. Soma pia ni bima ya aina gani. Ile ndogo inalipa madhara ya watu wengine tu, na hata bima kubwa ya gari inahusu gari lenyewe. Mashine zako zinahitaji bima ya mzigo safarini. Omba nakala, utazame kiwango cha juu wanacholipa kwa safari moja, ulinganishe na thamani ya mashine. Leseni ya kubeba mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nayo iombe, na hakikisha namba ya gari iliyoandikwa humo ndiyo hiyo hiyo uliyopewa. Leseni ya dereva iwe daraja E na isiwe imekwisha muda.

Kisha nenda kwenye mfumo wa polisi wa makosa ya barabarani. Gari linalokwenda Tunduma mara kwa mara kuwa na faini mbili tatu hakunishtui. Natazama aina ya kosa. Kupigwa tochi na kuovateki pasiporuhusiwa ni tabia ya dereva, na dereva anaweza kubadilishwa. Tairi vipara, taa mbovu na breki ni makosa ya mwenye gari, na hayo yananipa hofu zaidi kwa sababu dereva hana fedha ya kuyarekebisha. Ukikuta hakuna deni usitulie bado, maana aliyelipa faini zote jana leo anaonekana safi.

Ndiyo maana lazima uende yadi. Usikae ofisini na meneja, omba kuona lile gari lenyewe na uongee na fundi. Inama chini ya trela utazame mipira ya upepo wa breki kama imefungwafungwa na raba, tairi za ndani ambazo hazionekani kwa nje, na loki za kontena kwenye pembe zote nne. Kontena lisilofungwa loki linaweza kuchomoka kwenye kona, na aliye pembeni na bajaji au bodaboda ndiye anayekufa. Waambie wakuonyeshe na pembetatu za tahadhari. Gari likiharibika usiku kwenye kona halafu nyuma yake yakawekwa matawi ya miti, anayekuja kwa kasi hayaoni mapema.

Omba karatasi za mizani za safari zake za karibuni: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari na mzigo wake lisizidi tani 56, na ekseli moja yenye tairi nne isizidi tani 10. Mwenye mazoea ya kuzidisha utamjua kwenye hizo karatasi. Uzito ukizidi, breki zinafanya kazi kuliko uwezo wake, zinapata moto, na mteremkoni hazishiki tena.

Hapo ndipo ninapoongea na dereva mwenyewe, bila bosi wake kuwepo. Namuuliza anavyoshuka Kitonga akirudi Dar, na anavyoshuka Iwambi kwenda Mbalizi. Dereva mzuri atakwambia anaingiza gia nzito juu kabla mteremko haujaanza, anategemea breki ya injini, na breki ya mguu anaikanyaga na kuiachia. Akikwambia huwa anaachia frii, yaani anatoa gia gari lishuke lenyewe, ili abane mafuta, mzigo wako usipande hapo. Muulize pia analipwaje. Akiwa anaongezwa posho kwa kuwahi kufika, ujue usingizi wake ndio unaonunuliwa, na barabara hiyo ina mabasi yaliyojaa watu.

Kwenye mkataba andika kwamba mzigo hauhamishiwi gari jingine wala dereva mwingine bila idhini yako ya maandishi. Siku ya kupakia linganisha namba kwa macho yako. Kuna kampuni moja yenye ofisi nzuri sana ilituletea gari lenye jina la kampuni nyingine mlangoni, limepakwa rangi juu juu. Tulikataa kupakia. Gharama ya kontena kulala bandarini iliuma, lakini kwa gari lile nisingekubali hata leo.

Kitu kimoja hujakisema, mkuu: vipimo vya mashine. Zikiwa ndani ya kontena za kawaida, haya niliyoandika yanatosha. Kama kuna mashine iliyopitiliza na imewekwa kwenye kontena lisilo na paa, utahitaji lobedi (trela la chini la kubebea mizigo mikubwa) na kibali maalumu cha barabara, na katika hao wanne huenda akabaki mmoja tu mwenye gari la kazi hiyo. Tupe urefu, kimo na uzito wa kila kontena.