Maswali Yenu: Dhahabu ya Waazteki iko wapi, jamani?

SWALI: Assalaam alaykum mhariri. Sie hapa Wete tuna baraza yetu ya kahawa, juzi kijana mmoja kaja na simu katuonyesha video, eti wafalme wa Meksiko walipoona Wahispania washaingia mjini waliibeba dhahabu yao yote wakaificha pangoni na mpaka leo haijaonekana. Mzee wetu mmoja akamwambia wee mtoto, hakuna dhahabu hapo, keshaila Mreno zamani. Kijana akajibu Mreno na Mhispania mbali mbali, ikawa zogo mpaka kahawa ikapoa. Wamewekeana, atakayeshindwa anunue kahawa ya baraza nzima wiki moja. Tuamulie. (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam. Ya kuwekeana mie sijayasikia, hiyo kahawa iiteni sadaka. Na kijana kasema kweli kwenye hilo moja, aliyeingia Meksiko ni Mhispania, Mreno alikuwa huku kwetu akisumbua Kilwa na Mombasa.

Sasa tuanze na mji wenyewe, maana bila ya kuuona mji hamtafahamu dhahabu ilipotelea wapi. Mji mkuu wa Waazteki, wenyeji waliokuwa wakitawala Meksiko wakati ule, ulikuwa ukiitwa Tenochtitlan na ulikuwa kisiwa katikati ya ziwa, unaufikia kwa matuta marefu ya barabara yaliyokata juu ya maji na kwenye tuta kuna mapengo yaliyofunikwa kwa madaraja ya mbao, ukiondoa mbao hapiti mtu. Hernán Cortés, mkubwa wa Wahispania, na askari wake waliingia Novemba 1519, mfalme Moctezuma akawapokea akawapa jumba la marehemu baba yake wakae. Wageni wale siku mbili tatu wakaona ukutani mahala pamezibwa mlango na chokaa bado mpya, wakabomoa, ndani wakakuta chumba kimejaa mali. Kwa hiyo kuficha kulikuwepo, ila kulikuwa kuficha kwa kuziba mlango na mgeni umemlaza chumba cha pili!

Mali ile ilikuwa vitu vya sonara, mikufu, ngao, vinyago vya ndege na wanyama, vimefuliwa na mafundi wanaojua kazi. Wahispania wakaviyayusha wakafanya mikuo, yaani vipande virefu vya dhahabu tupu, kwa sababu mkuo unapimika na unagawika na khumsi ya mfalme wao, yaani fungu lake la moja ya tano, inatoka bila ya ubishi. Mie hapa ndipo roho inaponiuma, wala si kule ziwani.

Ikaja Juni 1520, watu wa mji wamechoka, Moctezuma kafa, Wahispania wakaamua kutoroka usiku wa tarehe 30. Cortés akatoa khumsi ya mfalme na sehemu yake, iliyobaki akawaambia askari chukueni mnachoweza. Wenye tamaa wakajaza kila mahala, ndani ya nguo, ndani ya viatu. Walipofika kwenye mapengo ya tuta wakagunduliwa, mitumbwi ya Waazteki ikawazunguka kulia na kushoto, wakaanguka majini kwa mamia na mwenye dhahabu nyingi ndie aliyezama mwanzo. Wahispania wenyewe wanauita Usiku wa Majonzi. Askari mmoja, Bernal Díaz del Castillo, ambaye uzeeni aliandika kisa chote, anasema yeye alichukua vijiwe vinne tu vya kijani, vile wenyeji walivyokuwa wakivithamini kuliko dhahabu, akavitia kifuani, na baadae vikamfaa kununulia chakula na kutibia majeraha yake. Huyo mie namwita mtu mwenye akili.

Mwaka uliofuata, Agosti 13, 1521, mji ukaanguka na mfalme mpya Cuauhtémoc akakamatwa. Wakamuuliza dhahabu iko wapi. Hajibu. Wakampaka mafuta miguuni wakaitia moto, yeye na mtawala wa Tlacopan, mji wa jirani, pamoja naye. Likatoka jibu, kwamba siku nne kabla ya kukamatwa waliitupa ziwani. Wapiga mbizi wakateremshwa wakatoa vitu vidogo vidogo, na kwenye bwawa la nyumba yake mwenyewe wakatoa jua la dhahabu, yaani sahani ya dhahabu yenye umbo la jua, na mapambo kidogo, basi. Hebu niambieni nyie, mtu anayeunguzwa miguu atasema nini zaidi ya lile litakalozima moto? Ndio maana mie kila nikisikia "Cuauhtémoc mwenyewe alikiri" nasita.

Na kuna jambo jengine watu hawalisemi. Mgao ulipokuja, askari walipata kidogo mno, wengi walikuwa na madeni ya silaha na farasi na fungu lile halikutosha hata kuyalipa. Wakaanza kumshuku mkubwa wao kwamba ndie aliyeificha. Cortés alikuwa akikaa nyumba yenye kuta nyeupe huko Coyoacán, kila asubuhi akiamka anakuta ukuta umeandikwa kwa mkaa, mashairi ya kumsema, siku moja nae akaandika chini yake: ukuta mweupe, karatasi ya wapumbavu. Wakaendelea kuandika vile vile. Basi ukiniuliza mie hadithi ya hazina iliyofichwa imezaliwa wapi, nitakwambia imezaliwa pale ukutani, kwa watu waliodai haki yao wakaambiwa hakuna, na mtu akiambiwa hakuna na yeye alishaiona kwa macho yake, ataamini ipo mahala. Waulizeni wachumaji wa karafuu, pishi zikipungua kwenye hesabu jicho linamwendea nani.

Sehemu iliyobaki tunajua ilikokwenda. Nyengine ilifika Ulaya, mchoraji Albrecht Dürer aliiona Brussels mwaka 1520, akaandika kaona jua zima la dhahabu upana wake pima moja na mwezi wa fedha ukubwa ule ule. Mabaharia wa hapo Wete wanajua pima, nyosha mikono yote miwili. Halipo tena jua hilo. Nyengine ilinyakuliwa baharini na haramia wa Kifaransa, Jean Fleury, kabla haijafika Uhispania.

Na ya ziwani? Mwaka 1981 mafundi wakichimba msingi wa jengo katikati ya Mexico City, karibu mita 5 chini, walikuta mkuo mmoja wa dhahabu. Urefu wake sentimita 26 hivi, ungeuweka juu ya kiganja ukapindukia mpaka kwenye mkono, mwembamba na umepinda kidogo, lakini uzito kilo 1.93, yaani kama mifuko miwili ya sukari imekusanywa kwenye kitu cha upana wa vidole vitatu. Mwaka 2020 wataalamu wa Meksiko wakaupima wakasema mchanganyiko wake ni wa dhahabu ya Waazteki na ni wa wakati ule ule wa Cortés, na mahala ulipokutwa ni njia aliyokimbilia. Kumbe kuna askari aliuangusha usiku ule, au aliangukia nao.

Mtasema basi si wakachimbe ziwa lote. Lipo wapi? Wahispania na waliowafuata walilikausha wakajenga juu yake. Kama Darajani hapa Unguja, wazee wanajua palikuwa na mkono wa bahari na daraja la kweli kabla ya kufukiwa, leo unashuka daladala unakwenda zako sokoni. Kule nako kuna hadithi kwamba mali ilitupwa Pantitlan, palipokuwa pakizunguka maji, leo pana stesheni kubwa ya treni za chini ya ardhi, nendeni mkawaambie abiria wapishe.

SWALI: Mie nimesikia dhahabu ilipelekwa Marekani kaskazini, ni kweli? (Msomaji, Makunduchi)

JIBU: Hiyo ni ya Kanab, mji mdogo jimbo la Utah. Mwaka 1914 alikuja mtu mmoja akiitwa Freddy Crystal, anasema ana ramani, na miaka ya 1920 mji mzima ukamfuata kuchimba milimani, wakatoka mikono mitupu. Hebu pigeni hesabu ya masafa kutoka Mexico City mpaka Utah kwa miguu, dhahabu mgongoni maana farasi hawakuwa nao, na adui anachoma mji nyuma yako. Sitii neno.

SWALI: Hivi Waazteki walikuwa wakiipenda dhahabu kama sie tunavyoipenda? (Msomaji, Ng'ambo)

JIBU: Hapana. Jina lake kwa lugha yao, msinicheke, maana yake ni kinyesi cha miungu. Waliipenda kwa kung'ara ila vijiwe vya kijani na manyoya ya ndege aina ya quetzal yalikuwa juu yake, na sokoni walilipana kwa kokwa za kakao. Taji moja la manyoya hayo lipo Vienna mpaka leo, lina rangi zake, wakati dhahabu ya kupimwa kwa pima imeshayayushwa.

SWALI: Jirani yangu anachimba usiku kwenye gofu, anasema kuna mali ya Mreno. Nimwambieje? (Msomaji, Mkoani)

JIBU: Mwambie aache, magofu yana wenyewe na sheria ipo. Halafu mwambie habari ya Mtambwe Mkuu, hapo hapo Pemba. Mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale, kwa kijiko na brashi wala si kwa jembe la usiku, wakakuta sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha, vidude vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba vyenye majina ya watawala wa pwani yetu, na dinari chache za dhahabu juu yake. Zimewekwa tangu karne ya 11, Mreno hajazaliwa.

Na nyie wa Wete, inukeni hapo barazani mshuke mpaka bandarini, Mtambwe mnaiona ng'ambo ya maji. Kahawa ailipe kijana, pango hakuna. Lakini na mzee nae anunue kashata, kwa kumsingizia Mreno.