Nimelipwa kwa kripto tangu 2021, na hivi ndivyo inavyokwenda Nairobi

Ndugu, umeuliza: mteja wa ng'ambo anataka kukulipa kwa kripto, yaani sarafu za kidijitali kama bitcoin, je, unaweza kuitumia hapa Nairobi kwa kodi ya nyumba, matatu na mboga bila kuigeuza shilingi? Mimi huchora nembo kwa wateja wa nje na nimelipwa hivyo tangu 2021. Nilijaribu kwa moyo wote. Haiwezekani, na sababu siyo ile wengi wanayoitaja.

Wengi husema tatizo ni kuchelewa. Kweli, bloku ya bitcoin, yaani fungu la miamala inayothibitishwa kwa pamoja, hutoka kila baada ya dakika 10 hivi, na ada hufuata msongamano badala ya kiasi unachotuma, kwa hiyo ukinunua kitu cha shilingi mia tatu unaweza kukatwa ada inayozidi bei yake. Lakini Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya bitcoin, ilishaondoa hilo.

Mwaka juzi nilimwomba mama mwenye duka karibu na kwangu, Umoja, aweke pochi ya Lightning kwenye simu. Maziwa, mkate, mayai: shilingi 340. Nikapiga picha msimbo wake, na kabla sijainua mfuko simu yake ikalia. Tulifurahi wote wawili. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta na kijana wa mkate, kreti ziko chini, anadai hesabu yake. Mama akanigeuzia simu: "Mwanangu, hizi zako zimefika, lakini zinatokaje?" Kijana hakuzitaka, maana jioni naye anapeleka shilingi kwa bosi. Nilimtumia mama 340 kwa M-Pesa palepale, zile satoshi, vipande vidogo vya bitcoin, akanirudishia.

Jibu liko hapo. Mama analipa mkate, nyanya zake zinatoka soko la Marikiti, aliyezileta Marikiti anadaiwa na mwenye lori, na mwenye lori ananunua dizeli. Mmoja akikataa, aliyepokea mwisho anabaki nayo mkononi. M-Pesa, iliyoanza 2007, imewashika wote hao, hadi kondakta.

Bitcoin pia ina shida ya bei kuyumba. Novemba 2021 ilipita dola 68,000, na Novemba 2022 ikawa chini ya 16,000. Mtu anayepata shilingi chache kwa kila mkate hawezi kulala na kitu hicho. Ndiyo maana mimi hupokea USDT, sarafu ya kidijitali ambayo thamani yake huenda sambamba na dola.

Hata hiyo ina mitego. Kuna mwezi nilikuwa na USDT kwenye pochi yangu ya Tron, mojawapo ya mitandao inayosafirisha USDT, kodi inadaiwa, nikashindwa kuituma kwa sababu ada ya mtandao huo hulipwa kwa TRX, sarafu yake yenyewe, na sikuwa nayo hata kidogo. Pesa naiona, haisogei. Rafiki yangu yalimkuta makubwa zaidi: mteja alituma dola 200 kwa mtandao ambao soko lake la sarafu haliupokei, na mpaka leo hajazipata. Ukikosea namba kwenye M-Pesa, unapeleka ule ujumbe 456 na kuna mtu upande wa pili wa kuomba msaada. Huku hakuna wa kumpigia.

Kuuza USDT kwa mtu binafsi kunahitaji macho. Usiachilie sarafu kwa kuona ujumbe wa "umepokea", maana ujumbe hughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe. Na jina lililotuma pesa likitofautiana na jina la mnunuzi, sitisha. Pesa ikiwa ya wizi, mwenyewe atalalamika na laini itakayofungiwa ni yako.

Ushuru umebadilika pia. Ule wa asilimia 3 ya thamani nzima ya sarafu, ulioanza Septemba 2023, uliondolewa 2025, na sasa kuna ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ambayo soko linakutoza.

Kwa hiyo mkubalie mteja wako. Kwa kuvusha pesa kutoka nje, sijapata njia iliyonifaa kuliko hii. Ila sehemu ya kodi na chakula igeuze kuwa shilingi siku hiyohiyo inapoingia, weka TRX kidogo kando kama ni Tron, na kabla hujampa anwani muulize atatuma kwa mtandao upi. Mara ya kwanza atume dola 5 tu, zifike, ndipo atume zilizobaki.